Breki ya Mkwe

Mimi sikataliwi posa. Nalisema hilo mwanzoni kabisa, na asiyeamini aende Kasulu mjini aulize duka la Shamsi, kanga na viungo, jirani na msikiti. Nimewaposea vijana wavivu, nimewaposea wabishi, nimemposea na mmoja aliyelala usingizi wazee wakiwa katikati ya mazungumzo, na wote wana wake zao leo. Kwa hiyo Lukmani aliponijia na kuniomba niwe mshenga wake kwa Asmahani, binti wa Mzee Nurudini wa Kibondo, nilimwambia aanze kutafuta kitambaa cha kanzu.

Lukmani ni kijana wa Heru Juu. Baba yake alikuwa rafiki yangu, Mungu amrehemu. Mama yake analima mihogo na maharage, na yeye anaendesha mchomoko, yale magari madogo ya abiria yanayokwenda na kurudi kati ya Kasulu na Kibondo kutwa nzima. Ni mpole, anaswali, na hana mdomo mchafu, jambo ambalo kwa madereva wa stendi yetu ni la kushangaza. Asmahani ni fundi cherehani kwenye baraza la duka la baba yake. Walikuwa wamependana kimya kimya bila kumsumbua mtu. Sikuona tatizo lingetoka wapi.

Tatizo lilitoka kwenye kazi ya kijana. Mzee Nurudini alinisikiliza mpaka mwisho, akanimiminia kahawa, kisha akasema, "Dereva simtaki."

"Mzee, huyu si wale wa kukimbiza magari."

"Shamsi, nilishakuwa na mkwe dereva. Nikamzika. Zena wangu yuko humo ndani na watoto wake, ukitaka kamuulize."

Habari ya Hilali, mume wa Zena, kila mtu alikuwa nayo. Lori lilimkuta kwenye kona, akafa palepale. Nilisikia pia kwamba baada ya msiba ule Mzee Nurudini alikwenda kujiandikisha chuo cha udereva, akakaa darasani na vijana wadogo, akajifunza alama zote za barabarani mwanzo mpaka mwisho. Gari hana na hajawahi kushika usukani. Watu walidhani majonzi yamemchanganya akili. Mimi niliona hapo ndipo pa kumkamatia.

"Basi mpe mtihani," nikamwambia. "Jumamosi unakuja Kasulu kuchukua mzigo. Rudi naye. Wewe kaa kiti cha mbele, muulize kila alama iliyoko kati ya Kasulu na Kibondo. Akikosea hata moja, naondoka na posa yangu na hutaniona tena kwa habari hii."

Akakubali.

Jioni hiyo nilimwita Lukmani dukani nimfundishe, maana mtu aliyesafiri kiti cha mbele miaka yote hii hawezi kuwa mjinga wa alama. Nikamchorea duara, ndani yake nikaandika hamsini, nikaikata kwa mistari. "Hii," nikamwambia, "maana yake hata hamsini hairuhusiwi. Unakwenda pole zaidi ya hapo."

Lukmani akakuna shingo. "Ami Shamsi, hiyo maana yake hamsini imeishia hapo. Unaweza kuongeza mwendo."

"Nani kakuambia?"

"Niliifanyia mtihani wa leseni."

Nikamchorea pembetatu yenye ng'ombe. Nikamwambia hapo pana mnada. Akasema hapana, ni tahadhari tu kwamba ng'ombe wanavuka barabara. "Na wanavuka kwenda wapi kama si mnadani?" nikamuuliza. Akanyamaza, nikajua nimemshinda. Nikamruhusu aende nyumbani akalale, roho yangu ikiwa imetulia.

Jumamosi tukaondoka asubuhi, Mzee Nurudini mbele, mimi nyuma na maboksi yake ya nyuzi na vifungo. Mji haujaisha, mzee akaanza.

"Ile?"

"Matuta mbele, mzee."

"Ile?"

"Kona kali kushoto, halafu kulia."

"Ile ya duara?"

"Hakuna kuovateki."

Na kila alichokitaja Lukmani alikitenda. Penye watoto wa shule alipunguza hata kama hapakuwa na mtoto. Penye mstari usiokatika alikaa nyuma ya trekta lililokuwa likijikokota, akalifuata mpaka mstari ulipokatika. Mimi ningelipita trekta lile na kulirushia maneno, lakini nilifurahi. Niliona mzee anaanza kulegea mabega. Tulipofika Makere tukasimama kunywa maji, na yeye, kwa raha ya mtu anayeliona jambo lake linakwenda vizuri, akamwita kijana wa bodaboda aliyeegesha pikipiki yake chini ya nguzo ya alama.

"Kijana, hiyo iliyoko juu ya kichwa chako inasema nini?"

Kijana akainua macho, nadhani kwa mara ya kwanza. "Hii? Hizi ni za wenye magari, mzee wangu. Sisi tunapita tu."

"Na wenye magari wanasemaje?"

"Wanasema ni za matrafiki," akajibu, akacheka, akapiga kiki akaondoka.

Mzee Nurudini hakucheka. Bibi mmoja aliyekuwa akiuza mihogo ya kuchemsha karibu yetu akatuamkia kwa Kiha, "Mwakeye," na mzee akamuuliza swali hilohilo. Bibi akasema anaijua sana alama hiyo, inaonyesha njia ya ofisi ya mtendaji, na yeye mwenyewe ameifuata mara nyingi na hakumkuta mtendaji hata siku moja. Ilikuwa alama ya kivuko cha watembea kwa miguu. Tukarudi garini, mzee akitikisa kichwa, na Lukmani akawasha taa ya kuonyesha kabla ya kuingia barabarani ingawa hapakuwa na mtu wa kuonyeshwa.

Nikaanza kupanga moyoni. Nikawaza ndoa ifungwe baada ya mavuno ya maharage, pilau ipikwe na watu wa Kasulu kwa sababu wa Kibondo wanabana viungo, na mimi nikae meza ya mbele. Tukapita mapori, tukapita vijiji, alama zikaulizwa na kujibiwa mpaka mzee akachoka kuuliza. Mara mbili alimwita kijana "Lukmani" badala ya "dereva". Nilihesabu kwamba tumeshaoa.

Tukafika njiapanda inapotokea barabara ya Murungu, upande wetu wa kushoto. Sisi tulikuwa kwenye barabara kuu. Pale kwenye mdomo wa ile barabara ndogo pana pembetatu iliyopinduliwa, ncha chini, na hata mimi sasa naijua: anayetokea huko ndiye anayetoa njia. Pikipiki ilikuwa ikiteremka, na nyuma ya dereva wake alikaa mwanamke mwenye kanga ya njano. Dereva akapunguza, akaweka mguu mmoja chini, akasubiri tupite. Kila kitu kilikuwa sawa.

Ndipo Lukmani akamtambua mwanamke. Alikuwa Mama Mwanaamina, mke wa Mzee Nurudini, anatoka kumjulia hali mgonjwa.

Lukmani akakanyaga breki. Katikati ya barabara kuu gari likasimama, maboksi ya vifungo yakanijia kichwani, na yeye akainamisha kichwa na kumwonyesha dereva wa pikipiki kwa mkono wake wa kulia avuke. Yule akasita. Mama akamgonga mgongoni, twende. Wakaanza kuvuka mbele yetu polepole. Nyuma yetu ikalia honi ambayo sitaisahau. Lori la maharage lilikuwa limetufuata likitarajia tutaendelea kama watu wenye haki yao, na sasa halikuwa na pa kwenda ila upande wa kulia. Likatupita hivyo, likayumba, na pikipiki ikafunga breki pale pale mbele ya boneti yetu. Upepo wa lori ukaivua kanga ya Mama Mwanaamina ukaipeleka mtaroni. Lori halikusimama.

Hakuna aliyeumia. Nasema tena ili msomaji apumue: hakuna aliyeumia hata kidogo.

Lukmani akasogeza gari pembeni. Mzee Nurudini akauliza kwa sauti ya chini, "Ile alama ya pale ilikuwa ya nani?"

"Ya bodaboda, mzee. Yeye ndiye wa kutoa njia."

"Kumbe unaijua."

"Naijua."

"Mbona ulisimama?"

Lukmani akamtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anavua viatu msikitini. "Yule ni mabukwe, mzee. Ningempitaje?"

Mabukwe ni mama mkwe kwa Kiha. Na Waha, kama hujui, mkwe wanampisha. Kijana akikutana na mkwe njiani, anatoka njiani yeye, aingie hata kwenye majani yenye umande, mpaka mkwe apite. Moyo wangu ulijaa fahari. Nilijiambia, huyu kijana badala ya kujibu mtihani mmoja amejibu miwili, wa alama na wa adabu. Karibu nimpigie makofi.

"Posa imekwisha," akasema Mzee Nurudini.

Hapo nilipandwa na hasira, na mimi nikipandwa na hasira sichagui maneno. Nilishuka, nikafungua mlango wake, nikamwambia atoke tuongee. Nikamwambia kwamba Kibondo nzima hatapata kijana wa kumheshimu mke wake namna ile, kwamba kama anatafuta mkwe wa kumpita Mama Mwanaamina puani basi aende akamwoze mwanawe kwa lile lori. Mama Mwanaamina alikuwa ameokota kanga yake na kutujia, naye akaniunga mkono. "Baba Zena, mtoto wa watu kanipisha," akasema. "Kosa lake nini?"

Mzee akashuka. Akaegemea gari.

"Hilali alikuwa na adabu kuliko huyu," akasema. "Mnajua wote lori lilimkuta konani. Hamjui alikuwa anafanya nini konani. Nilikuwa nimesimama pale na gunia langu la mchele. Nikaona gari lake, nikampungia mkono. Alama ilikuwepo pale, hapasimamwi. Mimi sikuijua, yeye aliijua. Akasimama kwa sababu aliyempungia ni mkwe wake. Alikuwa nyuma ya gari anafungua mlango anipakilie gunia, lori likaja."

Mama Mwanaamina akakaa chini kwenye majani. Nadhani hata yeye alikuwa hajawahi kuisikia.

"Watu wanasema lori lilimuua," mzee akaendelea, akaunyoosha mkono wake wa kulia mbele yetu. "Ni huu. Angenipita siku ile, Zena angekuwa na mume. Simtaki mkwe wa kufa kwa ajili ya kuniheshimu, Shamsi. Nimeshakuwa naye mmoja."

Tulimalizia safari hadi Kibondo bila swali hata moja, na alama zikapita dirishani zote.

Baada ya hapo Lukmani aliacha kula vizuri. Alikuja dukani, akakaa juu ya gunia la iliki, akaniuliza, "Ami, ningefanyaje? Nimpite mabukwe nimrushie vumbi?" Nikamwambia hapana, kosa lake ni kwamba adabu yake haikutosha. Nikamshauri siku akimwona tena mzee barabarani asimame mbali zaidi, ashuke kabisa, aende kwa miguu akamwangukie. Niliona ni ushauri mzuri. Bado naona haukuwa mbaya wote.

Asmahani alipiga simu kwangu, maana kumpigia Lukmani alikuwa amekatazwa. Sauti yake ilikuwa kavu kabisa, haina chembe ya kulia. "Ami Shamsi, mwambie kwamba baba hakumkataa yeye. Alikataa ile breki." Nikampelekea Lukmani maneno hayo kama yalivyo. Aliyasikiliza mara moja, akainuka juu ya gunia, akaondoka. Maneno yangu mimi hayakuwahi kumwinua mtu haraka namna ile, na niliona wivu kidogo.

Mvua zikaanza. Jamaa yetu mmoja wa biashara akafiwa huko karibu na Kitahana, nikaenda kuzika, na Mzee Nurudini naye akaja. Tulisalimiana kama watu wazima. Baada ya maziko tukapanda pikapu moja kurudi Kibondo, na pikapu ikapasuka tairi, na spea haina upepo. Mvua ikashuka. Nikamwambia mzee tusisimame kama kuku, twende mbele kidogo kwenye kona, niliona pale nguzo ya bluu yenye msalaba mwekundu ulioinama, bila shaka ni zahanati ya misheni, tutajikinga. Yeye alikuwa amejifunika koti kichwani, ameinama, mwavuli wake umeshapinduliwa na upepo. Akanifuata bila kuangalia.

Tukafika. Zahanati hapana. Pana kona, ukingo wa udongo, na ile nguzo. Tulikuwa tumelowa mpaka ndani, mzee anatetemeka meno, na mimi namlaani kila mtu aliyewahi kutengeneza tairi. Ndipo nikaona mchomoko mweupe unakuja. Niliujua. Ulikuwa wa Lukmani, anatoka Kasulu.

"Mzee, tumepona!" nikapiga kelele.

Mzee Nurudini akainua kichwa, akaona gari, na mkono wake ukaenda juu.

Lukmani alituona. Sina shaka na hilo, alipunguza mwendo, nikauona uso wake kwenye kioo na macho yake yakakutana na ya mzee. Midomo yake ilisema kitu, nadhani ilikuwa shikamoo. Akatupita. Tairi la nyuma likanirushia tope mpaka kifuani, gari likaingia konani na kupotea.

Nilimtukana. Nilimwita majina ambayo mshenga hatakiwi hata kuyajua. Nikasema mbele ya mvua kwamba simposei tena, si Kibondo wala popote, mtoto asiye na haya, anamwacha mzee wa watu kwenye baridi! Nikamgeukia Mzee Nurudini tumlaani pamoja.

Mkono wake ulikuwa bado juu. Alikuwa akiutazama. Kisha akaitazama ile nguzo ya bluu, akaielewa.

"Nimempungia tena," akasema.

"Mzee—"

"Shamsi, nimejifunza alama zote. Zote. Na nimempungia tena."

Barabara ilikuwa tupu. Hakuna lori lililotokea, na kusema kweli angesimama siku ile asingekufa mtu. Mzee alilijua hilo pia. Haikumsaidia. Alikaa juu ya jiwe la ukingo, mvua inampiga.

Tukasikia miguu inakimbia. Lukmani akatokea konani kwa miguu, pembeni kabisa mwa barabara, ndani ya majani, amejifunika turubai na jingine amelibeba mkononi. Gari aliliacha mbele kwenye kituo cha mabasi, nililiona baadaye, taa zinawaka na kuzima, na mama mmoja wa Kikongo wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, muuza vitenge, akiwa amefungua mlango anatuita, "Papa, kuya huku, iko nafasi!" Lakini wakati ule nilimwona kijana tu, analowa, anahema. Akafika mbele ya mzee, akavua kofia, akapiga goti kwenye tope.

"Shikamoo, mzee. Nisamehe. Pale hapasimamwi."

Mzee Nurudini akamfunika Lukmani kichwa kwa viganja vyake viwili, akawa analia bila kujificha, mzee mzima, mwenye duka lake.

"Umenipita," akasema.

"Nimekupita, mzee."

"Nipite hivyohivyo kila siku, mwanangu. Mimi na mama yako. Ukituona, tupite."

Lukmani akamvisha turubai begani. Tukaondoka watatu kwenye majani kuelekea garini, mzee katikati, na njia nzima hakuuachia mkono wa kijana.